Mkufu Usiowekeka Rehani

Leo nianze na swali ambalo pengine si la adabu sana: dhahabu ya bibi yako iko wapi? Siulizi ile ya kwenye masimulizi, kwamba siku ya harusi yake bangili zilimfika kiwikoni. Nauliza dhahabu yenyewe, ya kushika. Katika nyumba nyingi ninazozijua huku pwani, jibu ni kwamba haipo. Bangili mbili zilikwenda kwenye ada mtoto wa tatu alipochaguliwa sekondari. Mkufu uliwekwa rehani babu alipolazwa, na siku ya kuukomboa ikafika mikono mitupu. Vipuli vilipelekwa kwa sonara, vikayeyushwa, vikatoka vya mtindo mpya kwa ajili ya binti. Binti naye ilipofika zamu yake akaviyeyusha tena. Na kilichosalia, siku ya mirathi kilipanda kwenye mizani, zikasomwa gramu zake, kikauzwa, kila mrithi akapokea fungu lake la noti. Sioni ubaya wowote hapo. Dhahabu ya mwanamke wa pwani ni akiba anayoivaa, na akiba huwekwa ili siku moja itolewe.

Sasa nenda kwenye kopo. Kila nyumba ina kopo, aghalabu la biskuti ambazo hakuna anayekumbuka alizila nani. Ndani mna vifungo vya mashati, senti za zamani zenye tundu katikati, ufunguo wa kabati lililokwisha kuuzwa, na chini kabisa, umejisokota na uzi wa cherehani, mkufu wa bandia. Huo haukuyeyushwa, maana hakuna sonara anayeutaka motoni kwake. Haukuwekwa rehani, maana hakuna wa kuupokea. Siku ya mirathi haukupanda mizani. Mtu aliuomba tu, akaambiwa chukua. Ndiyo maana umetufikia ukiwa vilevile ulivyofungwa shingoni siku ya kwanza, kila tundu na kila ndoano mahali pake. Vitu vya thamani vya bibi vimepita sokoni vikapoteza sura zao. Hiki ambacho sonara alikitupia jicho moja akasema, "Bandia hii, mama," akakirudisha juu ya kioo cha duka lake, ndicho kilichobaki na sura.

Naona tunavidharau bure vitu hivi, na nadhani ninayo haki ya kusema, kwa sababu jioni zangu nyingi zinaishia hapo. Mimi si sonara. Nimekulia kwenye meza ya fundi saa, na mkono uliozoea kukamata skrubu ya saa ya mkononi hauoni taabu kukamata jiwe la mkufu. Ilianza kwa jirani mmoja, akafuata mama mdogo, na ukishamtengenezea ndugu mmoja huwezi tena kuwaambia wengine kwamba hujui. Malipo ni suala lingine. Ndugu halipi fundi; ndugu huleta changu wa kukaanga na maneno ya "Mungu akuzidishie".

Basi nikuoneshe mmoja, wa shangazi yangu wa Tanga. Ulikuwa wa mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba. Una mistari miwili ya mawe maangavu madogo inayoizunguka shingo, na mbele yananing'inia matone matano makubwa yanayobadilika rangi ukiyageuza: mara samawati, mara waridi, mara kijani. Uliponifikia ulikuwa hoi. Pingili moja imekatika na kushikizwa kwa uzi mweusi. Mawe kadhaa hayapo, mengine yapo lakini yamekufa, yamegeuka rangi ya majivu. Tone moja la mbele lilikuwa limebandikwa kwa supaglu na binamu yangu mmoja, ambaye hajui mpaka leo ni kazi ya jioni ngapi aliyoniachia. Na ndoano ya kufungia imelika hata haishiki. Shangazi alitaka umalizike kabla ya harusi ya mjukuu wa bibi, na akaniambia niwe mwangalifu, kwa kuwa hizo ni almasi.

Ndivyo tulivyoambiwa sote tangu utoto: almasi za Mwadui. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, akawa na rafiki yake mgodini Shinyanga, na rafiki huyo, kwa mapenzi tu, akampa mawe ya kumpelekea mchumba. Hadithi tamu. Mwadui ipo, na almasi zake ni za kweli. John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aliligundua eneo lile mwaka 1940. Oktoba 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5, likaenda kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwezi uliofuata. Walilikata London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakalitia katikati ya bruchi ya umbo la ua. Kwa hiyo jiwe la Shinyanga lilikwenda London likavaliwa na malkia, na kioo cha Ulaya kikashuka bandarini kikavaliwa na bibi yangu. Hesabu za biashara ya enzi ile hizo.

Kwamba ni kioo, nililijua pale pale nilipoweka lenzi jichoni. Nyuma ya kila jiwe kulikuwa na utando wa fedha, kama ule wa kioo cha kujitazamia, na juu yake rangi ya shaba. Almasi haihitaji kupakwa chochote nyuma. Mwanga unaingia, unagonga pande zake, unarudi wenyewe. Kioo hakina nguvu hiyo, ndiyo maana mafundi wa Ulaya walikitia risasi kikawa kizito na chenye kumeta, kisha wakakipaka fedha mgongoni. Georges Frédéric Strass, sonara wa Paris, alisifika kwa kazi hiyo hata mwaka 1734 akafanywa sonara wa mfalme wa Ufaransa, yeye mtengenezaji wa bandia. Lakini shangazi hawezi kuridhika na lenzi yangu na jina la Mfaransa. Nikamwambia apulizie pumzi jiwe moja la mkufu, halafu apulizie almasi ndogo ya pete ya mkwewe. Pete ilikauka ukungu papo hapo, kwa sababu almasi husambaza joto upesi mno. Mkufu ukabaki na ukungu wake tukiutazama.

Shangazi alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo baba alimdanganya mama?"

Bibi mdogo, dada yake marehemu bibi, alikuwa amekaa ukumbini akichambua mchele, na sote tulidhani hasikii. Hakuinua hata uso. "Nani kadanganywa? Dada alijua. Mshahara wa karani nani alikuwa haujui?" Ikawa almasi tumezianzisha sisi wa nyuma, wenyewe hawakuzijua.

Lakini nusu ya pili ya hadithi ilisimama. Ukoo unasema bibi aliolewa mwaka wa Uhuru, 1961, na mkufu ndio alioupata siku hiyo. Yale matone matano ya mbele yana utando mwembamba wa metali juu ya kioo, ndio unaoleta rangi za upinde wa mvua. Utando huo uliingia sokoni mwaka 1956, kazi ya kampuni ya Swarovski ya Austria pamoja na Christian Dior wa Paris, na ukasambaa kila mahali kwa haraka ya ajabu. Mkufu wenye mawe yale hauwezi kuwa wa vita, wala wa kabla yake. Mwaka 1961 unakaa vizuri kabisa.

Na ngoja nikuvushe ng'ambo kidogo, maana nchi iliyoukuza ufundi huu ina udugu wa zamani na sisi. Ni Bohemia, Jamhuri ya Czech ya leo, hasa mji wa Jablonec. Daniel Swarovski mwenyewe alizaliwa jirani ya hapo mwaka 1862, akabuni mashine ya kukata kioo, na mwaka 1895 akahamia Wattens, Austria, kwenye maji ya kuiendesha. Waliobaki Jablonec walikuwa wakitengenezea dunia nzima: bangili za kioo za wanawake wa India, vifungo, shanga, mawe ya kuiga akiki kwa masoko ya Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakazi wenye asili ya Kijerumani walifukuzwa, wakaenda Kaufbeuren, Bavaria, wakajenga mtaa mpya na kuupa jina la mji wao kwa Kijerumani, Neugablonz, na kazi ikaendelea. Kwa hiyo mwaka 1961 mkufu wa namna hii ulikuwa ukitoka pande zote mbili za mpaka, kwa wakomunisti na kwa mabepari, kwa mikono iliyofundishwa na mabwana walewale.

Sisi tulikuwa wateja wa kioo cha Ulaya kabla babu hajazaliwa. Richard Burton alipotoka pwani yetu mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, wapagazi walibeba shanga kama fedha za njiani, na aliandika kwamba aina zake sokoni zilikaribia 400. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake. Mwenye msafara akikosea, akabeba nyeupe mahali wanapotaka nyekundu za samesame, alilala na njaa na mzigo wake wote wa shanga. Hao ni wateja wenye macho. Wangeutazama mkufu wa bibi na kukutajia kasoro zake kabla yangu.

Turudi mezani. Watu hudhani dhahabu ndiyo kazi ngumu na bandia ndiyo rahisi. Ni kinyume. Dhahabu huyeyuka ikifika nyuzi 1064, kwa hiyo sonara anaweza kuipiga moto, kuilehemu, kuifua, na ikimharibikia anaiyeyusha anaanza upya. Bandia haina kuanza upya. Mabruchi mengi ya zamani ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka nyuzi 232, na nimeletewa bruchi iliyogeuka uji mbele ya moto wa gesi, mwenyewe akitazama. Mkufu wa shangazi ni wa shaba nyeupe iliyochovywa, ungeuvumilia moto wa kulehemu, ila mawe yake yasingevumilia; kioo kingepasuka na utando wa fedha kuungua. Pingili iliyokatika ikabidi niiunge bila moto, kwa kipete kidogo cha waya mnene kilichobanwa mpaka midomo ikakutana.

Mawe ndiyo yaliyonikalisha. Kila moja limekaa ndani ya kikombe chake na kushikwa kwa kucha nne za chuma, nyembamba kuliko pini. Kucha za zaidi ya nusu karne hukunjuka mara moja. Ukizikunjua mara ya pili zinakatika, na kikombe hicho kimekwisha. Kwa hiyo hufungui zote nne. Unafungua mbili za upande mmoja, kwa ncha ya bisibisi ya saa, kidogo tu kama mtu anayeinua kope ya mtoto aliyelala, na jiwe linachomoka ubavuni. Hulishiki kwa vidole. Unalinasa kwa kijiti chenye tone la nta. Chini ya jiwe unakuta vumbi jeusi, na ukilifuta kwa pamba unaona kijani: kutu ya shaba. Hiyo lazima itoke yote kwa kijiti cha meno na siki kidogo sana, kisha ikaushwe, maana ukiiacha inatambaa kikombe hadi kikombe.

Na mawe yaliyokufa yaliuawa na usafi. Bibi, kila ikikaribia Idi, aliloweka mkufu kwenye bakuli la maji ya sabuni pamoja na bangili za dhahabu. Dhahabu haina neno na maji. Kioo chenye utando wa fedha, maji yakipenya nyuma yake, utando unachubuka, jiwe linakuwa jeusi, na hakuna dawa ya kulifufua. Usiloweke kamwe. Chukua pamba ya masikio, iloweshe kidogo, ikamue, usugue uso wa jiwe huku umeuinamisha mkufu kifudifudi ili unyevu usiteremke kikombeni, halafu ukaushe hapohapo. Spiriti, amonia, dawa ya meno na soda ya kuokea acha jikoni na bafuni zinakokaa.

Swali likawa mawe ya kuziba mapengo yatoke wapi. Kariakoo na mitaa ya vitambaa Mombasa mawe yamejaa, ya mafundi cherehani wanaopamba magauni ya harusi, lakini hayo yana mgongo bapa wa kubandika. Mawe ya mkufu wa zamani yana mgongo wa ncha, yanazama kikombeni. Ukitia la bapa linakaa chini kama limezikwa, na mtu aliyekaa safu ya tatu ukumbini anaona kuna kitu hakiko sawa. Vipimo navyo havina msamaha. Mengi ya mkufu huu ni namba 16, karibu milimita 4. Likizidi unene wa nywele mbili tatu haliingii, likipungua linacheza. Mimi huyapata kwenye mitumba. Kwenye marobota ya makoti yanayofunguliwa kwenye masoko ya Karume au Gikomba, kuna kola zenye bruchi ambayo mwenyewe, sijui bibi gani wa Ulaya, alisahau kuitoa. Wauzaji wa makoti huzing'oa na kuzitupa kwenye sanduku la zipu na vifungo. Bruchi moja iliyovunjika ina mawe ya kutosha kuponya mikufu miwili, na ni ya umri uleule, kung'aa kwake kumekwisha kupoa.

Hata hivyo jiwe lililopatikana hutoa mwanga wake tofauti kidogo, na katikati ya kifua tofauti hiyo inapiga kelele. Hapo kuna hila moja ya mafundi ninayoipenda. Mawe ya nyuma ya shingo, karibu na ndoano, hayaonwi na mtu. Yamefunikwa na nywele au ushungi, na kwa sababu hiyo yamebaki mazima. Unayahamisha. Yale ya nyuma yanakuja mbele kuziba mapengo ya mbele, na yale ya mitumba yanakwenda nyuma. Mkufu wa shangazi sasa ukiutazama kifuani ni mawe yake ya asili yote, na kisogoni kuna wageni watano kutoka kwenye koti la sufu.

Gundi sikuitumia ila kwenye lile tone la binamu. Supaglu ina mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye chuma, na ikikauka inakuwa kavu mno. Mkufu ukianguka jiwe linaruka. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha huiyeyusha, lakini huyeyusha pia rangi ya mgongo wa jiwe, kwa hiyo niliikwangua punje kwa punje chini ya lenzi. Nililirudisha kwa Araldite ya tyubu mbili, tone la ncha ya sindano, likalala usiku kucha bila kuguswa.

Kazi ya mkono ikawa inakwenda. Iliyobaki ilikuwa kazi ya ndugu, na hiyo haina lenzi.

Mtoto wa kiume wa shangazi alitaka mkufu uchovywe upya, uwe mweupe unang'aa kama wa dukani. Nilikataa, na kwa hili sina mjadala. Kuchovya kunataka chuma kisafishwe kwa asidi na kuzamishwa kwenye dawa, yaani kila jiwe litoke, kila kucha ikunjuliwe. Nusu ya vikombe visingerudi. Na hata kama vingerudi, ule weupe wa maziwa ulioshikwa na shingo ya bibi miaka yote hiyo ungekwenda, tukabaki na mkufu mpya wenye mawe ya kizee. Dada yake naye alikuja na rai nyingine, ya upendo kabisa: wajukuu wa kike wako sita, mkufu mmoja, kwa nini usikatwe kila mmoja apate kipande, huyu hereni, huyu bangili, huyu kipini cha ushungi? Rai hii ingekuwa ya haki kama mkufu ungekuwa dhahabu. Dhahabu ukiigawa sita inabaki dhahabu mafungu sita. Huu ukiugawa sita unapata mawe ya kioo kwenye waya, na hakuna hata mmoja aliyerithi mkufu wa bibi, kwa kuwa mkufu haupo tena. Shangazi aliposikia neno kukata alisimama akaenda kuchukua maji ya kunywa, akarudi akaubeba mkufu akauweka mapajani mwake mpaka mazungumzo yalipokwisha.

Mimi pia nina upande wangu ambao baadhi yao hawakuupenda. Wako wanaosema kitu cha kumbukumbu kiachwe na kila alama yake, hata ndoano iliyolika, kwa kuwa bibi ndiye aliyeila. Kwa uso wa mkufu nakubali. Mikwaruzo ya kioo na mpauko wa chuma sikuvigusa. Kwa ndoano sikubali hata kidogo. Ndoano mbovu maana yake mkufu utaanguka kwenye gari la bibi harusi, au chooni ukumbini, na hapo alama zote zimekwenda pamoja. Nimeweka ndoano mpya yenye kufuli ndogo ya pembeni, na ile ya zamani, pamoja na mawe yaliyokufa na ule uzi mweusi, nimeitia kwenye bahasha na kuandika juu yake kimetoka nini na wapi. Bahasha anayo shangazi. Siku akija fundi mwenye maarifa kuliko mimi, ataona nilifanya nini na anaweza kukitengua.

Neno la kuuvaa, kwa sababu najua wanaonisikiliza wana mkufu wao kwenye kopo. Desturi yetu ya kujifukiza udi na kujipulizia marashi ni nzuri mno, lakini mkufu wa kioo usiwepo wakati huo. Moshi wa udi huacha utando wenye nta juu ya mawe, na marashi mengi yana spiriti. Lulu za bandia ndizo zinazoumia zaidi, ngozi yao hubanduka vipande. Fukiza, pulizia, ngoja nguo ikauke, ndipo ufunge mkufu, uwe wa mwisho kuvaliwa na wa kwanza kuvuliwa. Jasho nalo lifute kwa kitambaa kikavu usiku huohuo, usingoje asubuhi. Usiuhifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliobanwa, maana unyevu wa pwani unafungiwa humo na kutu inakula karamu. Kitambaa cha pamba kinatosha. Na mtoto mdogo asipewe kuchezea. Chuma cha mabruchi ya zamani kina risasi, na mtoto kila kitu ni mdomoni.

Harusi ilipita. Bibi harusi aliuvaa mkufu kwa gauni jeupe, na kwenye picha matone matano yametoa rangi mpaka mpiga picha akauliza ni mawe gani. Sikusikia alijibiwa nini. Wajukuu sita wamekubaliana kwamba mkufu utakaa kwa shangazi na kila mmoja atauchukua siku yake, akiandika kwenye daftari la shule lenye karatasi za mraba, tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Watatu hawajaolewa, na mmoja wao ameshaandika jina bila tarehe.

Halafu wiki iliyopita shangazi kanipigia simu, sauti juu. Kwenye mkoba wa ngozi wa bibi, ndani ya bitana, imeonekana hereni. Ni ya seti ileile, ina tone la upinde wa mvua na mawe madogo manane ya namba 16, mazima yote. Hereni moja tu, mwenzake hayupo. Nilifurahi kwa sababu za kifundi, nikamwambia ailete nitoe yale mawe manane nirudishe kisogoni, niwaondoe wale wageni wa mitumba, mkufu uwe wa asili mzima.

Shangazi amekataa katakata. Anataka nimtengenezee hereni ya pili.